Jinsi ya Kumtambua Kombe wa Kabari kwenye Ufuo wa Mchanga

Simama pale mawimbi yanapoishia, maji yakiwa yanarudi baharini, kisha tazama chini kwa utulivu. Ziko fukwe ambako utauona mchanga kama unachemka. Vitu vidogo vinavyong'aa, vya rangi nyingi, vinachomoza, vinasukumwa na maji hatua chache, vinasimama wima na kuzama tena kabla wimbi jingine halijafika. Yote hayo huchukua sekunde chache tu. Hao ni kombe wa jenasi ya Donax. Hapa nitawaita kombe wa kabari kwa sababu ya umbo lao: upande mmoja ni mrefu na umechongoka, upande wa pili ni mfupi na butu, mfano wa kabari ya kupasulia kuni.

Jenasi hii ilipewa jina na Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758. Ina makumi ya spishi, nazo zimeenea kwenye fukwe za mchanga zenye mawimbi katika bahari za joto na zile zisizo na baridi kali. Kwa hiyo ukiokota gamba dogo lenye pembe tatu kwenye ufuo wa namna hiyo, kuna uwezekano mzuri kuwa ni lake. Lakini uwezekano si utambuzi, maana wako kombe wa familia nyingine kabisa ambao maisha ya mawimbini yamewapa umbo hilohilo.

Kabla hatujaanza, nikuombe jambo moja: weka rangi kando. Nilipoanza kuokota magamba niliyapanga kwa rangi, ya manjano huku, ya zambarau kule, yenye miale mahali pake, nikaamini nina aina saba. Ilikuwa spishi moja. Thomas Say, mwanasayansi wa Marekani aliyeielezea Donax variabilis mwaka 1822, aliuweka ukweli huo kwenye jina lenyewe: variabilis maana yake ni mwenye kubadilikabadilika. Kwenye kiganja kimoja cha mchanga unaweza kukuta weupe, wa manjano, wa waridi, wa rangi ya chungwa, wa zambarau na wa samawati, wengine wenye miale inayotoka kileleni, pale gamba lilipoanza kukua, kwenda ukingoni, wengine hawana hata mmoja. Rangi itakufaa mwishoni kabisa, nayo kidogo tu. Kinachomtambulisha kombe huyu ni pande zake: upi mfupi, upi mrefu, na kano, ile inayounganisha magamba mawili, imekaa upande gani.

Vifaa

Rula yenye milimita, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, sahani nyeupe yenye kina kidogo, daftari na penseli. Kalamu ya wino huharibika kwenye maji ya chumvi. Hakuna kingine cha lazima.

Hatua ya 1: Nenda maji yakipwa, na umfuate alipo

Wakati mzuri ni saa moja au mbili kabla maji hayajafikia mwisho wa kupwa, hasa siku za bamvua ambapo ufuo hufunuka sana. Usiwatafute mahali pamoja tu. Baadhi ya spishi huhama pamoja na maji: yakijaa hupanda ufuo, yakipwa hushuka, ili muda wote wawe pale wimbi linapotandaza maji na kuyarudisha. Donax variabilis ndiye aliyechunguzwa zaidi kwa tabia hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, mtafiti Olaf Ellers alionyesha kwamba kombe hawa hawachomoki kwa kila wimbi. Husikia mtikisiko wa mawimbi kupitia mchanga, na hupanda yale makubwa zaidi tu, kama asilimia 20 ya yote. Mnyama asiye na kichwa wala macho anachagua chombo cha kusafiria. Mimi hilo huniacha nikiwa nimeinama pale majini muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Si spishi zote huhama hivyo. Nyingine hubaki eneo moja la ufuo mwaka mzima, na nyingine huishi chini kidogo ya mstari ambao maji hayaondoki kabisa. Usipomwona hai, panda hadi kwenye mstari wa mwani na takataka ambao maji yaliyojaa yameuacha. Hapo utapata magamba matupu, nayo kwa kazi ya kutambua yanafaa kuliko kombe hai, kwa kuwa unaweza kuona ndani.

Mara nyingi utayakuta magamba mawili yamefunguka lakini bado yameshikana, kama kipepeo aliyetua. Kano inayoyaunganisha ni ngumu na yenye mvuto wa kuyafungua. Kombe akiwa hai, misuli yake ndiyo inayoyafunga dhidi ya mvuto huo. Akifa, misuli hulegea na kano huyaachia wazi. Vipepeo hivyo ndivyo uokote kwanza, kwa sababu vina kano, na kano ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote.

Hatua ya 2: Mtazame akiwa hai

Ukimpata hai, chimba kwa vidole tu. Hakai chini sana, mara nyingi ni sentimita chache. Mweke kwenye sahani yenye maji ya bahari na mchanga kidogo, umwache atulie. Baada ya muda utaona mguu mweupe, bapa kama ulimi, ukitokeza upande mrefu wa gamba. Ataupenyeza mchangani, ncha ya mguu itavimba na kushika kama nanga, kisha misuli itavuta gamba lote chini. Atarudia tendo hilo mara kadhaa kwa haraka, na mwishowe ataonekana kwa upande wake mfupi tu, ule butu, ambao hubaki juu.

Hapo ndipo mirija inapotokea. Ni miwili, na imetengana tangu chini hadi juu. Haikuungana kama ya kombe wengine wengi. Mmoja huvuta maji yenye chakula, mwingine huyatoa. Ule wa kuvuta una vinyweleo mdomoni vinavyozuia chembe za mchanga kuingia, na kwa lenzi huonekana vizuri. Kwa kiumbe anayeishi mahali ambapo kila wimbi huvuruga mchanga, chujio hilo ni la lazima.

Usidanganyike na kila kinachochimba pale mawimbi yanapovunjika. Wako kaa wadogo wenye umbo la yai, wa jenasi ya Emerita, wanaoishi eneo hilohilo na kuzama kwa kasi ileile. Wao hutoa vipapasio vyenye manyoya vinavyochuja maji yanayorudi, navyo huacha alama ndogo ya pembe juu ya mchanga. Ukimshika mmoja, miguu itakwambia mara moja kuwa huyu si kombe.

Wakati mwingine utamwona kombe amebeba kishungi kama cha nyasi kwenye upande wake mfupi. Hiyo si sehemu ya mwili wake. Ni kundi la wanyama wadogo wa jamii ya haidroidi ambao hujishikiza pale kwa kuwa upande huo huwa karibu na maji hata kombe akiwa amezama. Kwenye Donax variabilis haidroidi aitwaye Lovenella gracilis hupatikana hivyo. Kwa mtambuzi ni msaada: kishungi kinakuonyesha upande wa nyuma kabla hujashika gamba.

Neno moja kuhusu kula, kwa kuwa wengi huwatambua kombe ili wawale. Kujua jina la kombe hakukuambii kama ni salama. Wanyama hawa huchuja maji, na maji yakiwa na mwani wenye sumu, sumu hukusanyika mwilini mwao. Sumu ya aina ya saksitoksini haiharibiwi na kupika, na kombe mwenye sumu hana dalili yoyote ya kuonekana, kunusa wala kuonja. Wanaojua kama maji ya ufuo fulani ni salama ni mamlaka zinazoyapima. Aidha, sehemu nyingi zina sheria kuhusu ukubwa na idadi ya kombe wanaoruhusiwa kuchukuliwa, kwa hiyo uliza kabla hujachimba. Kwa kazi yetu hapa huhitaji kuua hata mmoja. Ukishamtazama, mrudishe palepale ulipomtoa, kwenye mchanga wenye maji, asiachwe juani.

Hatua ya 3: Jua mbele na nyuma

Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiruke, hata kama unaona umeshapata jibu.

Shika gamba kilele kikiwa juu. Kilele ni ile sehemu iliyovimba na kuchongoka karibu na bawaba, ambapo gamba lilianza kukua. Sasa tazama: kilele hakiko katikati. Kimesogea upande mmoja, kwa hiyo gamba lina upande mfupi unaoteremka ghafla, na upande mrefu unaoteremka taratibu hadi ncha ya mviringo. Karibu na kilele, kwa nje, tafuta kano: kijinundu kifupi cha rangi ya kahawia, kigumu kama pembe kikiwa kikavu.

Kwa kombe kama hawa kano ya nje hukaa nyuma ya kilele. Na kwa Donax kano imekaa upande mfupi. Maana yake upande mfupi ndio nyuma, na upande mrefu ndio mbele. Wanaoanza wengi hufikiria kinyume, na si ajabu, kwa sababu kwa kombe wengi wa ufuoni upande mrefu ndio nyuma, na kilele huinamia mbele. Kwa kombe wa kabari kilele chenyewe huelekea nyuma, upande ule mfupi. Ukilifahamu hili moja, umeshawaacha nje zaidi ya nusu ya wale wanaoweza kukuchanganya.

Sababu yake umeshaiona kwenye sahani. Mguu hutoka mbele, na upande mrefu uliochongoka ndio unaopasua mchanga. Kabari haipenyi kwa upande butu.

Ukishajua mbele na nyuma, kutaja gamba la kulia na la kushoto ni rahisi. Weka kilele juu, upande wa nyuma ukuelekee wewe, wa mbele uelekee kule unakotazama. Gamba lililo upande wa mkono wako wa kulia ndilo la kulia. Andika hivyo daftarini, kwa sababu meno ya bawaba ya gamba la kulia hayafanani na ya kushoto, na anayelinganisha la kulia na picha ya la kushoto hupoteza saa nzima bure.

Hatua ya 4: Angalia ndani

Lisuuze gamba kwa maji baridi, lifute, liweke kwenye mwanga unaotoka pembeni. Mwanga wa moja kwa moja hufuta alama unazozitafuta.

Anza na bawaba. Chini ya kilele, kila gamba lina meno mawili madogo ya katikati. Pembeni mwake, mbele na nyuma, kuna meno mengine ya pembeni, ambayo huonekana wazi kwa spishi nyingine na kwa shida kwa nyingine. Kumbuka hasa kile usichokiona: hakuna shimo lenye umbo la kijiko katikati ya meno. Shimo hilo, kwa kombe walio nalo, ndilo hushika kano ya ndani. Kombe wa kabari ana kano ya nje.

Kisha tafuta makovu mawili ya misuli, moja mbele na moja nyuma, yanayong'aa kidogo tofauti na sehemu nyingine. Ukubwa wake unakaribiana. Kati ya makovu hayo kuna mstari mwembamba unaofuata ukingo wa chini: hapo ndipo joho la mnyama, yaani ile ngozi nyororo inayotengeneza gamba, lilipokuwa limeshikizwa. Ufuate mstari huo kuelekea nyuma. Kabla ya kulifikia kovu la nyuma, unakata kona na kuingia ndani ya gamba, ukitengeneza ghuba yenye umbo la herufi U iliyolala. Kwa Donax ghuba hiyo ni pana na ya kina, inafika karibu na katikati ya gamba au kuipita.

Ghuba hiyo ni mahali mirija inapojikunja mnyama akijifunga. Mirija ikiwa mirefu, ghuba huwa ya kina. Ikiwa mifupi, ghuba huwa ndogo au haipo. Kwa hiyo hata gamba lililokaa juani hadi likawa jeupe bado linakusimulia mnyama aliishi vipi. Na angalia upande: ghuba inafunguka upande uleule wenye kano, upande mfupi. Kama kano na ghuba haviko upande mmoja, umekosea mahali, rudi hatua ya 3.

Mwisho pitisha ukucha kwenye ukingo wa chini kwa ndani. Kwa spishi nyingi za Donax, wakiwemo Donax variabilis, Donax trunculus na Donax vittatus, utahisi vijino vidogo kama vya msumeno. Zipo spishi zenye ukingo laini, kwa hiyo vijino vikikosekana usilitupe gamba. Vikiwepo, vina uzito sana. Pia magamba yaliyosagwa na mchanga hupoteza vijino, ndiyo maana ninapendelea kulinganisha magamba matatu au manne ya ufuo mmoja kabla sijaandika chochote.

Hatua ya 5: Waondoe wanaofanana naye

Hapa ndipo kazi ilipo. Nitawataja kwa mpangilio wa jinsi wanavyonisumbua, kuanzia walio rahisi.

Kombe wenye mbavu, wa familia ya Cardiidae, wana mbavu nene zinazotoka kileleni kama miale, na magamba yao yamevimba. Ndani hawana ghuba. Hutawachanganya kwa muda mrefu.

Kombe wa familia ya Veneridae ni wengi sana kwenye fukwe. Kilele chao huelekea mbele, na mbele yake mara nyingi kuna alama yenye umbo la moyo unapoyaangalia magamba mawili yakiwa yamefungwa. Katikati ya bawaba wana meno matatu kwa kila gamba. Kwa kawaida ni wa mviringo zaidi, na mistari yao mingi hufuata ukingo.

Kombe wa familia ya Tellinidae wanasumbua zaidi, kwa sababu wao pia wana kano ya nje, mirija iliyotengana na ghuba ya kina. Hata rangi zao za waridi na manjano hukaribiana. Lakini gamba lao ni jembamba, bapa, jepesi mkononi, na ukingo wake wa ndani ni laini. Wengi wao, ukiyaweka magamba yaliyofungwa mbele ya macho na kuyatazama kwa nyuma, utaona yamejipinda kidogo upande mmoja. Kombe wa kabari ni imara. Gamba lake haliwezi kuwa jembamba hivyo na likaishi panapovunjika mawimbi.

Kisha kuna familia ya Mactridae, wenye pembe tatu pia. Kwao kilele kiko karibu na katikati, kwa hiyo pande mbili hukaribiana urefu. Wafungue: kuna shimo la kijiko chini ya kilele. Hapo shauri limekwisha.

Wanaodanganya hasa ni familia ya Mesodesmatidae. Wanaishi kwenye fukwe zilezile zenye mawimbi, wana gamba nene, wengine wana kilele kilichosogea nyuma na upande mfupi butu, sawasawa na kabari. Katika Bahari ya Mediterania yuko Donacilla cornea, anayeweza kukaa kwenye ufuo mmoja na Donax. Pwani za Peru na Chile yuko Mesodesma donacium, ambaye jina lake la Kilatini lenyewe linamlinganisha na Donax. New Zealand wako kombe wa jenasi ya Paphies. Kwa nje unaweza kuwatazama siku nzima usipate jibu. Kwa ndani jibu linapatikana kwa mara moja: wana shimo la kano ya ndani katikati ya bawaba. Kwa sababu ya familia hii peke yake, huwa siandiki jina la kombe wa kabari kwa kutazama picha ya nje tu, hata picha iwe nzuri kiasi gani.

Majina ya mitaani nayo yanachanganya. Huko Australia kombe aliyejulikana kwa muda mrefu kama Donax deltoides huitwa pipi. Ng'ambo ya bahari, New Zealand, pipi ni Paphies australis. Jina moja, familia mbili tofauti. Andika jina la kisayansi kila mara.

Hatua ya 6: Kutoka jenasi hadi spishi

Kufikia hapa una uhakika na jenasi. Spishi inahitaji kwanza ujue uko pwani gani, kwa sababu hakuna spishi ya Donax iliyoenea dunia nzima. Halafu pima. Urefu ni kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma. Kimo ni kutoka kileleni hadi ukingo wa chini. Unene ni wa magamba yote mawili yakiwa yamefungwa.

Pwani ya mashariki ya Marekani na Ghuba ya Mexico, wa kawaida ni Donax variabilis, ambaye hufikia kama sentimita 2.5. Angalia pia Donax parvulus, mdogo zaidi, ambaye hukaa chini kidogo ya mwenzake kwenye ufuo huohuo. Wawili hawa wamechanganywa mara nyingi, na mahali ulipomtoa ufuoni ni sehemu ya utambuzi. California yuko Donax gouldii, ambaye huonekana kwa maelfu miaka fulani, kisha akapotea kwenye ufuo uleule kwa miaka. Usipomkuta, haina maana umekosea mahali.

Mediterania na Atlantiki ya karibu yake ni nchi ya Donax trunculus. Ni mkubwa kidogo, watu wazima hupita sentimita 3, na mara nyingi ndani ya gamba ana zambarau iliyokolea. Kaskazini zaidi, Ulaya ya Atlantiki, yuko Donax vittatus, mwembamba zaidi, anayeng'aa, mwenye mistari myembamba inayotoka kileleni. Wote wawili wana vijino ukingoni, kwa hiyo vijino peke yake havitakutenganishia.

Afrika Kusini na Namibia yuko Donax serra, aliye kati ya wakubwa kuliko wote wa jenasi hii. Huweza kupita sentimita 8. Nyuma, ule upande mfupi, ana mikunjo kama mawimbi madogo, nayo unaihisi kwa kidole gumba hata ukifumba macho. Katika Bahari ya Hindi tafuta Donax faba na Donax cuneatus. Wa kwanza ni mdogo, mviringo zaidi nyuma, mwenye rangi na madoa ya kila namna. Wa pili amechongoka zaidi na ana kona dhahiri inayoshuka kutoka kileleni hadi mwisho wa nyuma.

Sasa rangi inaruhusiwa kuingia, lakini kwa masharti: tazama magamba ishirini, si moja. Kama ishirini hayo yana umbo moja, ghuba moja na ukingo mmoja, huku rangi zikitofautiana, una spishi moja. Kama umbo linagawanyika makundi mawili, na rangi zimechanganyika kwenye yote mawili, una spishi mbili.

Usihesabu umri kwa mistari ya ukuaji. Kwa kombe hawa mstari unaweza kuachwa na dhoruba, na kuzaa, au na msimu wa baridi. Spishi ndogo kama Donax variabilis huishi kama mwaka mmoja hadi miwili tu.

Tundu kwenye gamba

Utakuta magamba yenye tundu dogo la mviringo, mara nyingi karibu na kilele. Wengi hudhani ni tundu la asili na huliandika kama sifa ya spishi. Sivyo. Ni kazi ya konokono wa baharini. Kama tundu limekatwa mteremko, pana juu na jembamba chini, muuaji ni wa familia ya Naticidae, konokono wa mviringo anayetembea chini ya mchanga. Kama limeenda moja kwa moja kama la kekee, mara nyingi ni wa familia ya Muricidae. Konokono hulainisha gamba kwa kemikali na kulikwangua kwa ulimi wenye meno, kazi ya saa nyingi. Gamba la namna hiyo lihifadhi. Linakwambia nani mwingine anaishi kwenye ufuo wako.

Hatua ya 7: Andika kabla hujaondoka

Piga picha nne kwa kila gamba: nje, ndani, bawaba kwa karibu, na magamba yote mawili kwa juu ili kano ionekane. Weka rula ndani ya kila picha. Kisha andika tarehe, jina la ufuo, hali ya maji, alikuwa hai au gamba tupu, na alikuwa sehemu gani ya ufuo: mstari wa takataka, mchanga mkavu, mchanga wenye maji, au ndani ya maji.

Kwenye nafasi ya jina, andika kile tu ulichokiona. Kama umeona bawaba, ghuba na ukingo, na unajua spishi za pwani hiyo, andika spishi. Kama ulikuwa na gamba moja lililosagwa, andika "Donax sp.", yaani Donax ambaye spishi yake haijajulikana, na uishie hapo. Kama hukuona ndani, andika "kombe wa pembe tatu, hakufunguliwa". Weka gamba kwenye mfuko wake na karatasi yenye namba ileile iliyo daftarini, iliyoandikwa kwa penseli, na ulihifadhi mahali pakavu pasipo jua.